Siku ya Kwanza ya Safari ya Gari-Nyumba

Wengi wenu mmekwisha kuona gari la namna hii likipita: lori au basi la zamani lililoondolewa viti, likatiwa vitanda, jiko, kabati na tangi la maji, ili wenyewe wasafiri miezi kadha wakilala humo humo. Leo twataka kueleza mambo yaliyotupata siku ya kwanza ya safari kama hiyo, tulipotoka Katesh kwenda upande wa Getanuwas, katika wilaya ya Hanang. Tena twataka kuonyesha sababu zake, kwa kuwa karibu yote yalikuwa na sababu iliyoweza kujulikana kabla hatujaondoka.

Msidhani mikasa ya njiani ni ya wajinga peke yao. Paul Graetz, ofisa Mjerumani, aliondoka Dar es Salaam kwa motokaa tarehe 10 Agosti 1907 akikusudia kulivuka bara la Afrika. Alifika Swakopmund, pwani ya magharibi, tarehe 1 Mei 1909. Yapata miezi 21! Sisi tulikuwa watu wanne tu, na siku yetu moja ilitutosha.

Nyumba ya mtu husimama mahali pake, na chupa iliyowekwa juu ya kabati jana huonekana papo hapo leo. Nyumba yenye magurudumu haiko hivyo. Tulipoiacha barabara ya lami na kuanza kurukaruka juu ya mawe, dumu la mafuta ya taa lilianguka, kizibo kikafunguka, na mafuta yakaingia katika mfuko wa unga. Mwenzetu aliyekuwa mpishi hakusema neno, jambo lililotuumiza kuliko kama angalisema.

Kisha usukani ukawa mwepesi kupita kiasi, hata gari likawa kama linaogelea. Tulikuwa tumejaza tangi maji lita 200, bila kufikiri kwamba maji hayo ni kilo 200, na tangi lilifungwa nyuma kabisa, kupita magurudumu ya nyuma. Uzito uliokaa hapo huinua mbele ya gari, kama mtoto mnene anavyomwinua mwenziwe katika bembea ya ubao.

Saa sita mchana rejeta ikachemka. Yafaa wanafunzi walijue jambo hili: kadiri tupandavyo juu, hewa hutugandamiza kidogo zaidi, na maji huchemka upesi zaidi. Pwani maji huchemka kwenye nyuzi 100 za Selsiasi. Mahali palipo mita 1,700 juu ya bahari huchemka kwenye nyuzi 94 hivi. Ndiyo maana kifuniko cha rejeta hutengenezwa kizuie mvuke ndani, ili maji yapate kustahimili moto mwingi bila kuchemka. Mpira wa kifuniko chetu ulikuwa umechakaa, na hakuna aliyeutazama. Tulingoja kivulini hata rejeta ikapoa, maana afunguaye rejeta yenye moto hujiunguza uso.

Lakini hayo yote yalikuwa mchezo. Mbele yetu palikuwa na mbuga ya udongo mweusi. Udongo huu hunywa maji ukavimba. Wakati wa kiangazi husinyaa na kupasuka nyufa ambazo mtu aweza kutia mkono ndani. Mvua ilikuwa imenyesha siku tatu kabla. Juu udongo ulikwisha kukauka na kuanza kupasukapasuka, tukadhani ni salama; chini ulikuwa kama uji. Gari likazama hata ekseli ikagusa ardhi. Dereva akakanyaga mafuta, nalo likazidi kuzama, kwa sababu gurudumu lizungukalo bila kushika halivuti gari, ila huchimba shimo lake lenyewe.

Tulichimba mbele ya kila gurudumu, tukapunguza upepo katika mipira ili ikanyage kwa upana, na mwisho tukafungua bomba tukayamwaga maji yote tupunguze uzito. Tukakata matawi tukayatandika chini ya magurudumu. Gari likatoka! Lakini matawi yale yalikuwa ya migunga, na miiba yake ikatoboa mipira miwili. Mpira wa akiba tulikuwa nao mmoja. Basi tukatia kiraka na kujaza upepo kwa pampu ya mkono, kwa zamu, hata jua likaelekea kuchwa. Na maji ya kunywa yalikuwa yamebaki chupa mbili.

Kwa uchovu huo tukatafuta pa kulala. Tukaona korongo kavu, mchanga safi, mahali sawa pasipo jiwe, tukashuka na gari, tukawasha jiko. Hapo akaja mzee mmoja wa Kibarabaig, amevaa shuka, fimbo mkononi. Tukamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, akatutazama kitambo.

“Wageni,” akasema, “mmelala njiani.”

“Mzee, barabara iko kule juu.”

“Ya magari iko kule. Hii ni ya maji.”

Tulitazama mbinguni: nyota tupu, wala wingu hapana. Twakiri kwamba mmoja wetu alinung'unika, na wengine tulikuwa na moyo uo huo. Lakini mzee hakuondoka. Alisimama pale pale hata tukaona haya, tukafungasha, tukalipandisha gari ukingoni kwa taabu kubwa.

Usiku wa manane tukasikia mvumo kama wa lori lijalo kwa mbali. Kumbe ni maji. Mvua ilikuwa imenyesha milimani, mbali nasi; na ardhi iliyokauka na kugandamana hainywi upesi, hivyo maji yote hukimbilia makorongoni na kumfikia mtu ambaye hakuona hata tone. Watu wa nchi hii wanazijua nguvu za maji ya mlimani. Tarehe 3 Desemba 2023, baada ya mvua kubwa, sehemu ya Mlima Hanang ilimeguka, na tope, mawe na magogo yakaushukia mji wa Katesh na vijiji vya jirani. Watu zaidi ya 80 walikufa.

Asubuhi, pale tulipokuwa tumewasha jiko, palikuwa na mti mzima umelala na mizizi yake. Mzee akaja tena, safari hii na kibuyu cha maziwa. Tukaona haya kupokea bure, tukamtolea unga. Akaunusa, akacheka sana, akaomba majani ya chai.