Hatimiliki pekee si kinga kwa mnunuzi wa nyumba

Wanunuzi wengi wa nyumba huamini kwamba wakishaona hatimiliki na kulikuta jina la muuzaji katika sajili ya ardhi, kazi imekwisha. La hasha.

Mnamo Aprili 2023, Mahakama ya Juu iliamua kesi ya kipande cha ardhi mtaani Nyali, Mombasa, alichogawiwa Rais Daniel arap Moi mwaka wa 1989 na ambacho baadaye kiliuziwa kampuni. Ilibainika kuwa ardhi hiyo ilikuwa ya umma na taratibu za kuigawa hazikufuatwa. Kampuni iliipoteza, ijapokuwa ilikuwa na hati mkononi na ilidai kuinunua kwa nia njema. Kifungu cha 40 cha Katiba hakilindi mali iliyopatikana kinyume cha sheria.

Kwa hivyo, mnunuzi hana budi kuuliza hati ilikoanzia: nani aligawiwa kwanza, na kwa utaratibu gani? Kazi hiyo huhitaji wakili, tena wakili asiye wa muuzaji. Idhini ya mke au mume wa muuzaji nayo isisahauliwe.

Hati ikifutwa, mnunuzi hubaki kumdai muuzaji fedha zake, iwapo bado anapatikana.