Usikimbilie Msasa

Mlango wa gari ukigongwa na mlango wa gari jirani katika maegesho ya Sarit Centre au Yaya Centre, alama inayobaki mara nyingi ni ndogo kuliko kiganja cha mkono. Bati limebonyea, lakini rangi haijapasuka. Hata hivyo, wenye magari wengi wa Nairobi hulipeleka gari hilo kwenye njia waliyoizoea: fundi wa bodi anakwangua rangi, anajaza puti, anapiga msasa, kisha mlango mzima unapuliziwa rangi upya. Kwa denti ya aina hiyo, tiba hii ni nzito kuliko maradhi. Denti inaharibu sura ya gari. Msasa unaondoa kitu ambacho hakuna gereji inayoweza kukirudisha, yaani rangi ya kiwandani. Kwa hiyo huduma ya kunyoosha bodi bila kugusa rangi, inayotangazwa sasa na wang'arishaji magari kuanzia Westlands hadi Ngong Road, haifai kupuuzwa kuwa ni mbwembwe za matajiri. Kwa mji unaoishi kwa magari yaliyotumika, ina mantiki ya kiuchumi.

Tuanze na kile kinachokwanguliwa. Kiwandani, bodi tupu ya gari, kabla ya kuwekwa viti, nyaya na vioo, hutumbukizwa yote katika dimbwi la praima inayonaswa kwenye chuma kwa nguvu ya umeme, ikashika hadi ndani ya mikunjo ambako bunduki ya rangi haifiki. Kisha huingizwa katika tanuri, na baada ya hapo rangi na vanishi ya juu nazo huokwa kwa joto la karibu nyuzi 140 za Selsiasi. Gereji haiwezi kurudia hatua hizo hata ikiwa na fundi bingwa, kwa sababu gari lililokamilika lina plastiki, raba na nyaya zisizostahimili joto hilo. Chumba kizuri cha kupulizia rangi hukausha kwa nyuzi 60 hivi. Gereji ya kando ya barabara hukausha kwa jua na upepo, vumbi likiwemo. Tabaka zote za rangi ya kiwandani zikijumlishwa hazizidi sana maikroni 100 hadi 150, ambazo ni kama sehemu moja ya kumi ya milimita. Puti inaweza kufika milimita kadhaa, na haipanuki wala kusinyaa sawasawa na chuma. Ikijazwa nene, au juu ya bati ambalo halikusafishwa vizuri, hupasuka au kuinuka, maji yakapenya, na kutu ikaanza kazi mahali ambapo jicho halioni.

Kunyoosha bila rangi kunategemea tabia mbili: bati la chuma lililobonyea bila kuvutika sana hutaka kurudi lilivyokuwa, na rangi iliyookwa vizuri ina unyumbufu wa kulifuata. Fundi huweka taa yenye mistari au ubao wenye mistari mbele ya mlango, kisha anasoma mistari hiyo inavyoakisiwa juu ya rangi. Pale mistari inapopinda ndipo bati lilipopinda. Halafu anapenyeza nondo nyembamba zenye ncha za maumbo mbalimbali kupitia nafasi ya kioo, tundu la kutolea maji, au nyuma ya taa aliyoifungua, na kusukuma kutoka ndani kidogo kidogo, akianzia pembezoni na kuelekea katikati. Palipoinuka hupagonga taratibu kwa kijiti chenye kichwa cha plastiki. Pasipoingilika kwa nyuma, hubandika vishikizo kwa gundi ya moto, akavuta kutoka nje, kisha akailegeza gundi kwa spiriti. Hakuna nguvu nyingi katika kazi hii. Kuna mamia ya misukumo midogo na jicho lililofunzwa. Msukumo mmoja uliozidi huacha kinundu ambacho huenda kisiondoke tena.

Wenye ufundi huu husimulia kwamba chanzo chake ni Oskar Flaig, mtu wa Mercedes-Benz aliyeondoa alama kwenye magari ya maonyesho mjini New York mwaka 1960. Marekani na Ulaya, kilichoukuza ni mvua ya mawe, ambayo kwa nusu saa huweza kubonyeza magari ya mtaa mzima. Nairobi ina visababishi vyake. Katikati ya mji, kwenye barabara kama River Road, gari lililoegeshwa hupitiwa ubavuni na mikokoteni, bodaboda na wabeba mizigo. Upande wa magharibi, Kileleshwa na Kilimani, nyumba za uwanja mpana zimepisha majengo ya ghorofa, na magari yanabanana katika maegesho ya chini ambako kufungua mlango ni kubahatisha. Lavington bado ina miti ya zamani, na parachichi bichi likidondoka kutoka juu huacha shimo dogo kwenye boneti bila kuichubua rangi. Hizi zote ni ajali za mwendo mdogo, na ndizo hasa njia hii inazoziweza.

Ushahidi mzito zaidi unatoka sokoni. Magari mengi ya Nairobi yaliagizwa Japani yakiwa yametumika, na kiwango cha KS 1515 hakiruhusu gari kuingia nchini likiwa limepitisha miaka minane tangu kusajiliwa kwa mara ya kwanza. Mengi kati yake hupita minadani huko, na kila moja huandikiwa karatasi yenye mchoro wa bodi na alama zake. Herufi A ni mkwaruzo. U ni kubonyea. W ni mawimbi yanayobaki baada ya paneli kunyooshwa na kupakwa rangi, na XX ni paneli iliyobadilishwa. Mkaguzi wa mnada hachanganyi U na W, na ana sababu. Denti inasema yote iliyo nayo. Mnunuzi anaiona na kuikadiria. Rangi mpya inaficha. Katika yadi za Ngong Road, mnunuzi makini akija na kipimo cha unene wa rangi na kukuta mlango mmoja una unene mara mbili au tatu ya mingine, hawezi kujua kama chini yake palikuwa na alama ya mkokoteni au ubavu uliosagwa na matatu. Asipojua, hukisia baya zaidi na kushusha bei. Mwenye gari aliyepiga puti kwa sababu ya denti ndogo anaishia kulipishwa kama mtu aliyepata ajali kubwa.

Pingamizi la kwanza ni la bei. Fundi wa Kirinyaga Road, ile ambayo wakongwe bado wanaiita Grogan, huenda akatoza pesa chache kuliko mtaalamu wa nondo anayekufuata nyumbani Westlands. Hilo ni kweli likitazamwa peke yake. Lakini rangi haiishii kwenye mlango uliogongwa. Nyeupe ya lulu, kwa mfano, hupuliziwa kwa tabaka tatu, na kuifananisha kabisa na paneli ya jirani ni kazi ngumu. Kwa hiyo mpuliziaji hodari hulazimika kuififisha rangi hadi kwenye fenda au mlango wa pili, na paneli ambayo haikuwa na tatizo nayo inapoteza hali yake ya kiwandani. Kuna pia muda. Denti nyepesi hunyooshwa kwa saa chache, wakati puti na rangi huhitaji siku kadhaa. Kwa dereva wa teksi za Uber au Bolt mwenye Vitz ya mkopo, siku hizo ni mapato yaliyopotea na rejesho linalosubiri. Kuipeleka denti kwenye bima nako hakumsaidii sana, kwa kuwa kuna sehemu ya gharama anayoibeba mwenyewe, na punguzo la kutodai huweza kumponyoka.

Pingamizi la pili ni zuri kuliko la kwanza: kwa nini usiiache tu? Jibu ni kwamba unaweza. Bati lenye rangi nzima halishiki kutu kwa sababu limebonyea, na gari la kazi halipungukiwi mwendo kwa alama moja ubavuni. Pingamizi hili, badala ya kuivunja hoja, linaipanga vizuri. Kwa denti isiyochubua rangi, chaguo bora ni kunyoosha bila rangi. La pili ni kuiacha. La mwisho ni puti. Wengi wetu tumezoea kuruka la kwanza na la pili.

Wapo wanaohofia kwamba ufundi huu utawanyang'anya riziki mafundi wa bodi. Tangu ripoti ya Shirika la Kazi Duniani ya mwaka 1972 kuhusu ajira nchini Kenya, hakuna tena sababu ya kuidharau sekta isiyo rasmi, yaani jua kali, na hofu hii inastahili kujibiwa kwa heshima. Kwanza, kazi isiyowezekana bila rangi itabaki tele: kona iliyokunjika, bati lililochanika, gari lililogongwa na lori. Pili, fundi anayesoma bati kwa kiganja na kulinyoosha kwa nyundo amekwisha kupata nusu ya elimu inayotakiwa. Nondo zenyewe ni chuma, na wafua vyuma wa Kamukunji wanatengeneza vitu vigumu zaidi ya hivyo. Tatu, kila mlango usiopuliziwa rangi ni pumzi moja nafuu kwa fundi, maana rangi za kisasa zenye kigandishi hutoa isosianati, kemikali inayojulikana kusababisha pumu kwa wapuliziaji wasio na kinga ya kupumulia. Mamlaka ya Kitaifa ya Mafunzo ya Viwandani, NITA, ambayo huwapa mafundi mitihani na vyeti kwa madaraja, ingefanya jambo jema kuupa ufundi huu nafasi yake.

Haya hayamaanishi kwamba kila tangazo liaminiwe. Rangi ikishapasuka, njia hii haifai. Bati lililovutika sana, ukingo wa mlango na mstari mkali wa bodi huweza kukataa kurudi sawasawa. Aluminiamu hairejei kwa urahisi kama chuma. Bampa ni plastiki na ina taratibu zake. Yale maji ya moto yanayoonyeshwa mitandaoni huweza kuisaidia, lakini kwenye mlango wa chuma hayana msaada wa kutegemewa, na kikombe cha mpira cha kuvutia bati huinua katikati na kuacha duara la mkunjo pembeni. Wapo pia wanaotoboa tundu ukingoni mwa mlango ili nondo ipite, na hivyo kuiondoa kinga ya kiwandani waliyodai kuilinda. Na paneli iliyowahi kupigwa puti haifai kuvutwa kwa gundi, kwani rangi yake huweza kubanduka nayo. Msasa wa kwanza, basi, mara nyingi huifunga njia hii kwa maisha yote ya gari.

Kwa hiyo, unapopeleka gari lako, mwombe fundi aitazame denti chini ya taa yenye mistari, akuonyeshe nondo itapita wapi, na akuahidi hatatoboa. Akikuambia kwamba yako inahitaji rangi, msikilize, maana amekataa pesa yako kwa sababu anaijua kazi yake. Akikuahidi kila kitu kabla hajaiangalia, ondoka na denti yako. Haitakugharimu chochote hadi umpate anayejua.