Saa Moja Ndefu Kuliko Zote

Mtu akiwa juu ya mashine ya kukimbilia, dakika huwa haziendi. Mwaka 2024 Andrew Edwards na wenzake walichapisha matokeo ya jaribio la watu 33 walioendesha baiskeli za mazoezi kwa kilomita 4, huku wakitakiwa kukisia sekunde 30 bila kuangalia saa. Walipokuwa wakikanyaga pedali waliona sekunde hizo zimeisha kabla hazijaisha. Hata walipowekewa mpinzani wa kushindana naye, hali ilikuwa ileile.

Sasa tutafute aliyeteswa zaidi na muda. Josef Šálek wa Czech, mwaka 2023, alijinyoosha kifudifudi, uzito wote ukibebwa na viwiko na vidole vya miguu, akakaa hivyo saa 9, dakika 38 na sekunde 47. Anayeona ni jambo dogo ajaribu dakika mbili tu.

Kwenye tenisi, John Isner na Nicolas Mahut walicheza Wimbledon mwaka 2010 kwa saa 11 na dakika 5, mechi ikikatika mara mbili kwa giza hadi siku ya tatu. Ubao wa matokeo uligoma ulipofika 47–47, kwani haukutengenezwa kuhesabu zaidi ya hapo. Isner alishinda seti ya mwisho 70–68.

Lakini mimi taji ninalipeleka kwenye rekodi ya saa moja ya baiskeli. Katika mbio nyingine ukikaza mwendo unamaliza mapema, ukapumzike. Hapa hata ukipaa, dakika ni 60 zilezile. Unachoongeza ni umbali, na maumivu. Filippo Ganna wa Italia alifikisha kilomita 56.792 huko Grenchen, Uswisi, Oktoba 2022: mizunguko zaidi ya 227 ndani ya ukumbi, kwenye baiskeli isiyo na breki wala gia ya kubadilisha, mandhari yakiwa mbao tupu na mstari mweusi wa kufuata. Eddy Merckx, bingwa wa Tour de France mara tano, alifikisha kilomita 49.431 mjini Mexico City mwaka 1972. Alisema hatarudia, na hakurudia.

Wakimbiaji nao wana saa yao. Usiku wa tarehe 4 Septemba 2020, mjini Brussels, Mo Farah wa Uingereza alikimbia mita 21,330, rekodi ya dunia wakati huo. Usiku huohuo Sifan Hassan wa Uholanzi aliweka rekodi ya wanawake, mita 18,930. Mkenya Brigid Kosgei alikwenda naye sako kwa bako mpaka dakika za mwisho. Waamuzi wakabaini kwamba alikanyaga ndani ya mstari wa uwanja, wakamwondoa kwenye matokeo, saa yake nzima ikahesabika kuwa si kitu.