Kutembea na Kula Katika Mji wa Málaga

Msafiri Ibn Battuta, ambaye mwaka 1331 alifika Kilwa na kuisifu kuwa miongoni mwa miji mizuri aliyoiona, aliingia Málaga, pwani ya kusini ya Hispania, yapata miaka 19 baadaye, na habari alizozisimulia za mji huo aghalabu ni za mambo ya kula: zabibu, tini, lozi, makomamanga mekundu kama yakuti, na michungwa isiyo na kifani katika ua wa msikiti mkuu.

Msikiti huo haupo tena. Baada ya mji kutwaliwa na wafalme wa Kikristo mwaka 1487, mahali pake palisimamishwa kanisa kuu, ambalo ujenzi wake ulianza 1528 ukakatika 1782 mnara wa kusini ungali haujatimia, hata wenyeji wakalibandika jina la La Manquita, yaani bibi kigutu. Lakini ubavuni mwake michungwa ingalipo.

Ngome ya Alcazaba, kazi ya watawala wa Kiislamu wa karne ya 11, ipandwe asubuhi kabla jua halijawaka. Lakini mgeni asikawie huko juu, bali ateremke mpaka soko la Atarazanas, ambalo jina lake ni la Kiarabu, dar as-sina'a, na neno letu sanaa ni la shina hilohilo. Kwani hapo zamani ziliundwa merikebu, na bahari ikifika karibu na mlango. Katika majengo ya siku zile limebaki tao moja la marumaru, lenye maandishi ya kwamba hapana mshindi ila Mwenyezi Mungu, na chini yake sasa hupita akina mama na vikapu vyao. Humo Mswahili atasikia jamaa za maneno yake: aceituna ni zaituni, azafrán ni zafarani, azúcar ni sukari.

Asiyekula nguruwe na aulize kwanza, maana nyama hiyo hutiwa hata katika mboga. Salama yake ni ajoblanco, mchuzi baridi wa lozi zilizopondwa pamoja na mkate, kitunguu saumu, siki na mafuta ya zaituni, uandaliwao kwa zabibu mbichi.

Lakini fahari ya Málaga ni sadini wa fukwe za Pedregalejo na El Palo, ambako jiko ni mashua kuukuu iliyojazwa mchanga: moto wa kuni huwashwa, samaki watano au sita hutungwa katika ujiti wa mwanzi, na ujiti husimikwa upande utokako upepo, ili waive kwa moto, si kwa moshi. Kiungo chao ni chumvi tu, na huliwa kwa vidole. Aombaye uma amejitangaza ugeni. Wenyeji hushikilia kwamba hunona katika miezi ambayo majina yake hayana herufi R, tangu Mei hata Agosti. Wala asitaraji mtu kula mapema, kwani chakula cha usiku huko ni saa tatu na kuendelea, na mwenye njaa hana budi kukaa mchangani, akinusa na kumtazama mchomaji akigeuza miwanzi yake.