Huna sauti tamu? Imba tu, kanisa si mashindano

Hebu tuambiane ukweli. Jumapili iliyopita wimbo ulipoanza kanisani, wewe ulifanya nini? Uliimba, ama ulichezesha midomo tu huku ukingoja watu waambiwe waketi?

Kama ulichezesha midomo, usijikunje. Mko wengi. Angalia zile safu za nyuma tunazozipenda sisi vijana. Utaona watu wamesimama wima, wametulia tuli, kama wanaongoja matatu.

Ukiwauliza, jibu ni moja: "Mimi sijui kuimba." Mara nyingi hata si wao waliojipa jibu hilo. Walipewa. Kuna mwalimu wa shule ya msingi aliyemwambia mtoto anyamaze asiharibu wimbo. Kuna ndugu aliyemsikia mwenzake bafuni akauliza ni nani anachinja mbuzi. Aibu ndogo ndogo, lakini mtu akafunga duka tangu siku hiyo.

Sasa nikuulize: nani alisema wimbo wa ibada ni wa wenye sauti tamu pekee? Fungua Zaburi ya 100 uone inawaita nani kumshangilia Mungu. Ni dunia yote, si soprano na tena peke yao. Zaburi ya 150, ambayo ndiyo ya mwisho, inaweka sharti moja tu: uwe na pumzi. Unayo ama huna?

Si hoja ya leo. Zamani huko Ulaya, sehemu kubwa ya nyimbo za misa iliimbwa kwa Kilatini na makasisi na wanakwaya, watu wengine wakisikiliza. Mnamo 1524 Martin Luther na wenzake wakachapisha vitabu vya kwanza vya nyimbo za Kijerumani ili waumini waimbe kwa lugha yao. Upande wa Katoliki, Mtaguso wa Pili wa Vatikano ulitoa hati yake kuhusu liturujia mwaka wa 1963, ikataka waumini washiriki ibada kikamilifu, pamoja na kuimba. Yaani watu walipigania haki hii, halafu wewe unairudisha bure!

Na sisi Waafrika hatukuhitaji hata kupigania. Wimbo wetu una mwanzishaji na waitikiaji. Mmoja anatupa, wengine wanadaka. Wasipodaka, hakuna wimbo. Tazama Wakorino na vilemba vyao na ngoma. Pale humwoni mtu akifanyiwa usaili wa sauti kabla ya kupiga makofi na kuitikia.

Basi tuliharibikia wapi? Nadhani ni pale tulipogeuza madhabahu kuwa jukwaa. Makanisa mengi ya mjini sasa yana spika kubwa, taa, na timu ya sifa yenye maikrofoni sita. Sina ubaya nao. Wanajituma, wanafanya mazoezi wakati wewe na mimi tunatazama mpira. Lakini spika zikiunguruma kiasi kwamba humsikii jirani yako, wala hujisikii wewe mwenyewe, kuimba kuna maana gani? Tena wimbo umepandishwa ufunguo umfae kiongozi mwenye sauti ya juu. Wanaume wanajaribu ubeti wa kwanza, wa pili wanakwama, wa tatu wananyamaza. Kisha tunalalamika ati vijana wamepoa.

Unadhani ni jambo dogo? Nenda matangani. Usiku, stima imepotea au haikuwepo, hakuna kinanda, familia imekaa kimya. Mama mmoja wa kanisa, sauti imekwaruza kwa baridi na kwa kulia, anaanza wimbo wa Tenzi za Rohoni. Hakuna anayeuliza kama ameshika noti. Wote wanaupokea, na kwa dakika chache wafiwa wanabebwa. Wale mama hawakujifunza nyimbo hizo usiku ule. Waliziimba Jumapili baada ya Jumapili, vibaya kwa vizuri, hadi zikawa zao. Sasa sisi tunaowaachia timu ya sifa kila kitu, siku yetu ya kulia ikifika tutaimba nini? Tutatafuta bando tufungue YouTube?

Hata wanasayansi wameliona. Mwaka wa 2013 watafiti wa Chuo Kikuu cha Gothenburg, Uswidi, waliwapima vijana wakiimba pamoja, wakakuta mapigo ya mioyo yao yanapanda na kushuka kwa pamoja, kwa sababu wimbo unawapangia kupumua. Mimi naliamini hilo bila mashine. Nilipoacha chuo kwa sababu ya karo, vikundi vya WhatsApp nilivyokuwemo vilinyamaza kimoja kimoja. Mahali ambapo sikuulizwa "siku hizi unafanya nini" ni kwenye benchi la kanisa, katikati ya wimbo. Sauti yangu ni ya kawaida sana, na hakuna aliyegeuka kuniangalia.

Kwa hivyo anza hivi. Simama karibu na mtu anayeshika wimbo vizuri, sikio lako litamfuata. Anza na kiitikio, kwa kuwa kinarudi rudi. Wimbo ukiwa juu sana, shuka uimbe kwa sauti yako ya chini, si kosa. Imba kwa kiasi ambacho bado unamsikia jirani. John Wesley, mwanzilishi wa Wamethodisti, aliwaandikia watu wake maagizo ya kuimba mwaka wa 1761. Aliwataka wote waimbe, tena kwa ujasiri, lakini wasipige kelele za kuwafunika wenzao. Zaidi ya miaka 260 imepita na ushauri huo bado unafaa.

Na usijihukumu haraka. Watu ambao masikio yao kweli hayatofautishi sauti ya juu na ya chini ni wachache. Sisi wengine tumekosa mazoezi tu, na mazoezi ya bure yako hapo kanisani kila wiki.

Nanyi viongozi wa sifa, tunawapenda, lakini tusaidieni. Shusheni ufunguo kidogo. Punguzeni spika. Angalau ubeti mmoja kila Jumapili, nyamazisheni vyombo muache watu waimbe wenyewe. Mara ya kwanza kutakuwa na ukimya wa kuogofya. Msikimbilie kinanda. Ngojeni. Kuna nyanya mmoja pale kati ataanza, na kijana wa safu ya nyuma atamfuata.