Cherehani Nane, Choo Hakuna

Ndugu msikilizaji, mtu akiwekewa maji ya kunywa katika joto la Ifakara na asiyaguse kutwa nzima, ama hana kiu, ama ana sababu. Wiki hii nataka tuizungumze sababu hiyo.

Mwaka jana, mwezi wa Machi, nilikwenda Ifakara kumjulia hali mdogo wangu, ambaye ameolewa huko na ana banda la ushonaji uani kwake. Banda lina cherehani nane na wanagenzi saba, sita kati yao wasichana. Wanashona sare za shule, magauni ya vitenge na mapazia. Karibu na meza ya kukatia vitambaa palikuwa na ndoo ya maji yaliyochemshwa, yenye kifuniko na kikombe juu yake. Tangu saa mbili asubuhi hadi saa kumi jioni sikuona msichana hata mmoja akiigusa. Nilipouliza, walicheka wakainamia kazi zao.

Jioni mdogo wangu akanieleza. "Kaka, wakinywa watataka kwenda msalani. Na choo ni kile kile chetu cha nyumbani. Ili ukifikie, lazima upite barazani mbele ya baba mkwe."

Mzee mwenyewe hana neno na mtu. Lakini binti aliyefunzwa adabu hapendi kupita mbele ya mzee mara tatu kwa siku, kopo la maji mkononi. Basi wanajizuia mpaka warudi makwao. Majuma mawili kabla sijafika, mama mmoja alikuja kumwondoa mwanawe. Binti alikuwa ametibiwa maradhi ya njia ya mkojo mara mbili katika miezi minne. "Ufundi nautaka, mama," alimwambia mdogo wangu, "lakini siutaki kwa bei ya figo za mwanangu."

Hapa, ndugu msikilizaji, wengi wetu tumo. Tunaanzisha kazi uani: saluni, useremala, ushonaji, uokaji wa mikate. Tunanunua mashine, tunavuta umeme, tunachora kibao cha barabarani. Likitajwa suala la choo, tunasema kipo cha nyumbani. Lakini choo cha nyumbani kilijengwa kwa ajili ya watu wa nyumbani. Siku mtu wa nje anapoingia kufanya kazi, ua umegeuka kuwa mahali pa kazi, na Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 inadai mahali pa kazi pawe na vyoo vinavyofaa na vya kutosha.

Mdogo wangu hakuwa amelala. Mwezi wa Oktoba alimwita mchimbaji, akamchimbia shimo la futi nane nyuma ya banda. Lilikuwa kavu kabisa. Kisha fedha ikaishia kwenye mahitaji ya watoto, shimo likafunikwa kwa mabati. Tulipoyafunua mabati yale mwezi wa Machi, maji yalikuwa futi tatu tu kutoka juu, na vyura walikuwa wamekwisha hamia.

Kulikuwa na sababu. Mji wa Ifakara umekaa katika bonde la Kilombero, kati ya milima ya Udzungwa na nyanda za juu za Mahenge. Ndilo bonde la mpunga, na mpunga hupenda maji. Masika yakishika, maji ya ardhini hupanda, kiangazi hushuka. Kuna miaka ambayo maji hayasubiri kuchimbuliwa, kama Aprili 2024, mafuriko yalipoingia Ifakara, Mlimba na Malinyi. Kwa hiyo shimo la Oktoba husema uongo. Ukweli wake utaujua Aprili.

Jambo zito zaidi ni kwamba kisima cha mdogo wangu kilikuwa hatua 15 kutoka shimo lile. Maji ya shimo na maji ya kisima yakishakutana chini ya ardhi, ni maji yale yale. Kanuni inayotumiwa na mabwana afya wengi ni kwamba choo kiwe mita 30 kutoka kisimani, na kitako cha shimo kibaki walau mita 1 na nusu juu ya kiwango cha maji ya masika. Katika kiwanja cha mjini, chenye visima vya majirani pande zote, ni wangapi watakaozipata mita 30? Na maji yakiwa futi tatu kutoka juu, shimo lenyewe litachimbwa wapi?

Shimo lenye maji lina hasara nyingine. Mbu aina ya Culex, anayeeneza matende na mabusha, hupenda sana kuzaliana katika vyoo vilivyojaa maji. Huko Makunduchi, Unguja, miaka ya 1980 mwishoni, watafiti walimwaga chembe ndogo za plastiki nyepesi katika vyoo vya aina hiyo. Chembe zikaelea na kufunika maji, viluwiluwi wakakosa hewa, na mbu wakapungua sana. Ni ujanja mzuri, lakini hauokoi kisima.

Wazee wetu wanaikumbuka kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973, ambapo redio iliwakusanya watu wanaokadiriwa kufika milioni 2 katika vikundi vya kusikiliza na kujadili. Vyoo vingi vilichimbwa nchini kutokana na kampeni ile, nami kama mtu wa redio naionea fahari. Ila neno "chimba" lilituingia mno vichwani. Mahali penye ardhi kavu, chimba, uweke bomba la hewa lenye wavu juu, kama Wazimbabwe walivyotufundisha tangu miaka ya 1970. Bondeni, choo hakichimbwi. Bondeni choo hujengwa kwenda juu.

Ndivyo alivyofanya mdogo wangu. Aliuahirisha mpango wa kununua cherehani mbili, na mwezi wa Julai akaitumia akiba ile kujenga. Shimo lilifukiwa kwanza. Juu ya msingi ulioinuka kupita alama ya mafuriko iliyobaki ukutani, fundi alijenga vyumba viwili vidogo vya matofali, ubavu kwa ubavu, kila kimoja kina cha mita 1, vikasakafiwa chini na kupigwa lipu ndani ili kisipite kitu. Juu yake ni sakafu ya zege yenye tundu kwa kila chumba, kibanda chenye komeo la ndani, na ngazi nne.

Siri ya choo hiki ni ukavu. Mkojo una njia yake mbele ya tundu, na maji ya kujisafishia yana sehemu yake pembeni. Vyote viwili hupita kwenye bomba hadi tuta la mchanga lililoinuliwa, lenye migomba, upande wa mbali na kisima. Wakati wa mafuriko yenyewe, mkojo hukingwa kwenye dumu. Kila mtu akimaliza haja kubwa humwaga kikombe cha majivu, na katika mji wenye mashine za mpunga, majivu ya pumba hayana shida. Seremala angetumia unga wa mbao uliochanganywa na majivu. Ukavu huo huondoa harufu na nzi. Chumba cha kwanza kikijaa, hufunikwa na kuachwa walau mwaka mzima, maana mayai ya minyoo hayafi upesi, huku chumba cha pili kikitumika. Baadaye kilichomo huwa kama udongo, nacho huzikwa kwenye mashina ya miti.

Kinataka nidhamu, sikatai. Mtu mmoja akimwaga ndoo ya maji tunduni, kazi imeharibika. Kwa sababu hiyo mdogo wangu humfundisha kila mwanagenzi mpya matumizi ya choo kabla hajamfundisha kutunga uzi. Kibanda kimeelekezwa banda la ushonaji na kuipa baraza mgongo. Ndani mna kasha lenye kifuniko kwa ajili ya siku za wasichana, na nje mna ndoo ya bomba na sabuni.

Wewe uliye Ifakara, au uliye bonde la Msimbazi hapo Dar es Salaam, kabla hujamwita mchimbaji, chukua kamba yenye jiwe ukapime kisima cha jirani masika. Kamba ikilowa karibu na mkono wako, mwite mwashi.

Nilipita tena Ifakara mwezi wa Novemba. Ile ndoo ya maji ya kunywa sasa hujazwa mara mbili kwa siku. Yule binti aliyeondolewa na mama yake amerudi, na alikuwa akishona kola. Cherehani bado ni nane.