MAELEZO KUHUSU MAFUA YA PAKA NA NAMNA YA KUYAPIMA

Watumishi wa Serikali na wananchi wote, wa visiwani na wa bara, wanaarifiwa kuwa si kila paka apigaye chafya huhitaji antibiotiki. Mara nyingi chanzo ni virusi, hasa vya herpesi na kalisi. Bakteria huingia baadaye, njia ya pumzi ikiwa imekwisha kudhoofika.

Uchunguzi huanza kwa macho. Kamasi jepesi kama maji huelekeza kwenye virusi. Likiwa zito, la manjano au la kijani, bakteria hushukiwa, ingawa rangi peke yake si ushahidi. Jicho moja likivimba utando na kutoa machozi, kisha la pili likafuata, hushukiwa klamidia. Kikohozi kwa watoto wa paka huweza kuwa cha bakteria aitwaye Bordetella, aletaye homa ya mapafu na kuua upesi. Paka aliyelala ahesabiwe pumzi kwa dakika nzima: zikizidi 40, au akihema mdomo wazi, asicheleweshwe.

Vipimo vya maabara navyo vina mipaka yake. Pua ya paka mzima ina bakteria wengi, hivyo kuotesha kamasi hakuthibitishi mengi. Majimaji yatokayo ndani ya mapafu ndiyo yenye jibu. Klamidia huishi ndani ya seli, kwa hiyo pamba ya kupimia haina budi kusugua utando wa jicho, si kugusa usaha tu.

Kijijini, kama vile Kasekese katika Wilaya ya Tanganyika, Mkoa wa Katavi, maabara ya namna hiyo haipo mlangoni, na paka ndiye mlinzi wa ghala la mahindi. Afisa Mifugo hutumia kipimajoto (joto la kawaida ni nyuzi 38 hadi 39.2) na subira. Mwongozo wa kimataifa wa mwaka 2017 unaelekeza kwamba paka anayekula na asiye na homa aangaliwe hadi siku 10 bila antibiotiki. Mwenye kamasi zito pamoja na homa, unyonge au kukataa chakula hupewa doksisaiklini, kidonge kikifuatiwa na maji kisije kikachoma umio.

Paka mgonjwa atengwe, na chombo chake kiwe mbali.

Asipewe kabisa Panadol wala dawa yoyote yenye parasetamoli. Ini lake haliwezi kuivunja, na kidonge kimoja chaweza kumwua.